Kivuko cha juu kinachocheza: kipime kabla ya kuongeza chuma

Mwenda kwa miguu hupiga hatua kama 2 kwa sekunde. Kivuko chembamba cha chuma ambacho nacho hutetemeka mara 2 kwa sekunde kitapokea kila hatua kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Kuyumba ubavuni ni mara 1 kwa sekunde, na huambukiza: watu hufuatisha mwendo wa daraja, nalo lizidi. Ndivyo Millennium Bridge ya London ilivyofungwa siku 2 baada ya kufunguliwa Juni 2000.

Pima alfajiri, kabla abiria wa mwendokasi hawajajaa. Laza simu yenye programu ya kusoma mtikisiko katikati ya daraja, sakafuni. Usiiweke kwenye reli, maana reli ina mtetemo wake. Simama kwa vidole, jiangushe kwa visigino mara moja, kisha tulia. Kwenye mchoro wa simu, mawimbi 20 kwa sekunde 8 ni mtetemo wa 2.5 kwa sekunde. Hesabu pia mawimbi hadi kimo kishuke nusu, ugawe 11 kwa idadi hiyo: 22 yanatoa asilimia 0.5. Hicho ni kipimo cha uwezo wa daraja kuzima mtetemo, kiasi kidogo mno, kawaida ya chuma kilichochomelewa.

Zege la ziada ni mtego. Uzito hushusha mtetemo, na daraja linalotetemeka mara 2.7 kwa sekunde laweza kuangukia 2, mwendo wa hatua. Kupanda kutoka 2 hadi 3 kwahitaji ugumu mara 2.25, boriti hizo ni ghali.

Nafuu ni kuning'iniza uzito kwa springi chini ya katikati, pamoja na shokapu. Daraja la tani 20 lililoegemea ncha mbili hutetemeka kana kwamba tani 10 ndizo zinazosogea. Ning'iniza asilimia 2 ya hizo, yaani kilo 200. Kwa daraja linalotetemeka mara 2 kwa sekunde, lenga uzito huo utetemeke mara 1.96. Rula yatosha kuhakiki: springi zikibeba uzito zishuke milimita 65. Pungufu, ni ngumu mno. Ukiacha shokapu, uzito utaendelea kurukaruka na tatizo litagawanyika kuwa mawili, juu na chini ya 2. Uzito huu hauzuii kuyumba ubavuni. Huko weka mihimili ya mshazari.

Chini kuna magari, kwa hiyo funga kebo ya usalama. Chumvi ya bahari hula springi, zipakwe zinki. Gawa uzito katika bamba za kilo 5: bango la tangazo au paa jipya likiongezwa, pima upya na uongeze au upunguze bamba.