Filamu kuhusu ubaguzi wa rangi: kuandaa onyesho na mjadala chuoni Iringa

Mjadala ndio kazi yenyewe, lakini muda ukibana ndio hukatwa kwanza. Tuseme mmechagua I Am Not Your Negro ya Raoul Peck (2016), iliyojengwa juu ya maneno ya James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi. Ina dakika 93. Ombeni ukumbi kwa saa tatu na muanze saa 8 mchana, kabla wanaolala nje ya chuo hawajaanza kuwaza daladala.

Pateni idhini ya mwenye filamu ya kuionyesha hadharani. Kuilipia kwa kutazama nyumbani hakutoshi. Faili liwe ndani ya kompyuta, msitegemee intaneti. Kama mna tafsiri ya Kiswahili ya kupita chini ya picha, faili lake lipewe jina lilelile la filamu na likae folda moja nayo, la sivyo huenda lisionekane. Jaribuni siku moja kabla, mkiwa mmekaa safu ya mwisho. Picha hafifu watu huivumilia, sauti mbovu huwatoa nje. Na masika, paa la bati lisilo na dari litaishinda spika yoyote mliyonayo.

Kabla ya kuanza, waambieni watazamaji kwamba watakutana na picha za watu walionyongwa na waliopigwa.

Ikiisha, msiulize “mmeionaje?” Gaweni karatasi, kila mtu aandike kimya dakika 5, kisha vikundi vya watu sita dakika 20, ndipo ukumbi mzima. Bila hivyo wataongea walewale watatu.

Atatokea wa kusema hayo ni ya Wamarekani. Msimhutubie, mpeni mfano wa Kalenga, hapo jirani na Iringa. Fuvu linaloaminika kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililoko pale lilirudi kutoka Ujerumani mwaka 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua kwenye mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa vipimo vya kichwa. Nani alihitaji rundo la vichwa vya watu, na vipimo hivyo vilibuniwa kuthibitisha nini?

Kisha ulizeni kuhusu sisi: neno “zeruzeru” linamwambia nini anayeitwa hivyo? Wengi watajitetea kwa utani. Wakumbusheni kwamba Mhehe akimtania Mngoni hujibiwa palepale. Asiyeweza kujibu hataniwi, anadhalilishwa.

Msimgeukie mwanafunzi mwenye ualbino au mwenye asili ya Kihindi awasemee wenzake. Atasema akitaka. Msimamizi awe na msaidizi wa kutazama nyuso tu. Mtu akitoka ghafla, amfuate bila kutangaza.

Zikibaki dakika 10, kila kikundi kitaje swali moja kilichoshindwa kulijibu. Yaandikeni ubaoni, mpige picha, kikao kijacho kianzie hapo.