Jinsi ya Kuchagua Mtaa wa Kulala Nairobi kwa Bei Nafuu

Wageni wengi wanaonipigia simu huanza na bei: nitafutie chumba cha elfu moja, popote tu. Kabla sijataja mtaa wowote huwauliza maswali mawili. Asubuhi unatakiwa wapi na saa ngapi? Na usiku utarudi saa ngapi? Kazi yangu ni kuwatafutia watu vyumba vya bei ya chini. Nawahudumia wafanyabiashara wa Mombasa na Arusha wanaofuata mzigo Eastleigh, jamaa za wagonjwa, vijana wenye miadi ya viza, na wanaokuja kucheza kasino. Watu hao hawawezi kulala mtaa mmoja. Chumba rahisi kwenye mtaa usiokufaa kitakumaliza kwa nauli, kwa teksi za usiku, na kwa miadi uliyoikosa ukiwa umekaa kwenye msongamano.

Hatua ya 1: Andika shughuli zako na saa zake

Chukua karatasi uandike kila mahali unapokwenda, saa ya kufika na saa unayodhani utamaliza. Kisha tia alama kwenye lile jambo moja lisiloahirishika: miadi ya ubalozi, kliniki, usaili, ndege. Hilo ndilo litakalochagua mtaa. Mengine utayafuata kwa matatu.

Andika pia saa ya kuingia jijini, kwa sababu hapa wageni wengi hupoteza pesa ya siku nzima. Mabasi ya usiku kutoka Mombasa hushusha abiria alfajiri, na treni ya usiku ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa, hufika stesheni ya Syokimau kabla hakujapambazuka. Lojing'i nyingi, yaani nyumba za wageni za bei ya chini, huhesabu siku kuanzia saa nne asubuhi. Ukiingia saa kumi na moja alfajiri ukataka chumba papo hapo, unaweza kulipishwa usiku ulioumaliza ukiwa kwenye kiti cha basi. Piga simu siku moja kabla, uombe kuacha mizigo mapokezi na kupata mahali pa kuoga mpaka chumba kiwe tayari. Ukiomba mapema na kwa heshima, mara nyingi unakubaliwa.

Hatua ya 2: Lala upande utakaopishana na magari

Asubuhi magari ya Nairobi yanaingia tao, yaani katikati ya jiji, jioni yanatoka. Thika Road, Mombasa Road, Waiyaki Way, Ngong Road na Lang'ata Road zote zina tabia hiyo. Kwa hiyo mwenye shughuli ya asubuhi nje ya tao afadhali alale karibu na tao, atoke wakati wenzake wanaingia.

Chukua mfano wa Gigiri, uliko ubalozi wa Marekani na ofisi za Umoja wa Mataifa. Ukitazama ramani utaona Ruaka iko karibu sana, na kweli ina bedsita nyingi, yaani nyumba za chumba kimoja, zenye fanicha zinazokodishwa kwa siku. Lakini magari ya Ruaka asubuhi yanashuka Limuru Road kuelekea mjini, na njia yao inapita Gigiri. Aliyelala Ngara au Parklands anapanda barabara ileile huku msururu wa magari ukishuka upande wa pili. Matatu namba 106 na 107 zinapita huko. Ukiamua Ruaka hata hivyo, toka chumbani kabla ya saa kumi na mbili, au panda boda boda kwa ule mwendo mfupi.

Mvua ikinyesha, ongeza saa nzima juu ya hesabu yako. Weka na akiba ya nauli, maana makanga hupandisha bei mawingu yakianza kumwaga.

Hatua ya 3: Linganisha mtaa na shughuli

Chini ya Moi Avenue, kwenye River Road, Accra Road, Latema, Duruma na Cross Road, ndiko kwenye lojing'i za kale za wasafiri. Ofisi nyingi za mabasi ya masafa marefu ziko hapo hapo. Panamfaa anayeingia jioni na kuondoka kesho yake, kwa sababu hahitaji teksi hata moja. Anayetafuta usingizi hapamfai. Honi huanza kabla ya alfajiri, na ghorofa ya chini mara nyingi ni baa. Ukilazimika kulala huko, omba chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu kwenda juu. Dirisha likitazama ukuta wa jirani, likubali: utakosa mwanga lakini utalala. Simu usiitoe ukiwa unatembea. Ingia dukani, simama ndani, ndipo upige.

Mtaa ninaoupendekeza zaidi kwa mgeni asiyeijua Nairobi ni Ngara. Mchana unafika tao kwa miguu, matatu za Parklands, Limuru Road na Thika Road ziko karibu, na chakula cha vibandani ni cha bei ya mwananchi. Sharti langu ni moja. Giza likiingia, usitembee kwa miguu kati ya Ngara na tao kupitia mzunguko wa Globe. Panda matatu hata kama mwendo ni mfupi. Jirani yake Pangani kunamfaa mwenye mambo Eastleigh ambaye hataki kelele za Eastleigh yenyewe.

Mwenye kununua mzigo, lakini, namwambia alale Eastleigh penyewe, karibu na First Avenue au Jam Street. Mtaa huu umekulia kwenye lojing'i: Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni kabla wafanyabiashara wa Kisomali hawajageuza vyumba vyake kuwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na majumba makubwa ya biashara yakafuata nyayo zake. Faida ya kulala hapo ni kwamba unanunua kidogo kidogo, unapeleka chumbani, unakaa kitandani unalinganisha vitambaa na bei, kisha unarudi dukani kuongeza au kubadilisha. Anayelala mbali hununua vyote kwa mkupuo kwa sababu hana pa kuviweka, na kulinganisha bei hawezi. Nyumba nyingi huko haziruhusu pombe, na baadhi huwauliza mume na mke uthibitisho wa ndoa, basi uliza mapema. Kitambulisho au pasipoti iwe mfukoni saa zote. Kutoka tao, matatu ni namba 6 na 9.

Jamaa za wagonjwa nawahurumia kuliko wote, maana hufika wamechoka na hawajui watakaa siku ngapi. Kwa Hospitali ya Kenyatta, tafuta Kenyatta Market, Golf Course au Nairobi West. Usikodi chumba cha kitanda peke yake. Kodi bedsita yenye jiko hata ikizidi kidogo, kwa sababu utapika uji na supu ya kumpelekea mgonjwa, nawe utakula humo humo. Muda wa jioni wa kuona wagonjwa ukiisha giza limeshakaribia, kwa hiyo chagua nyumba ambayo unaweza kuifikia kwa matatu moja tu. Nairobi West ina baa nyingi, na mwisho wa wiki kelele zake ni kubwa. Mwenye mgonjwa Aga Khan au M.P. Shah atafute Parklands, na wa Mater akae South B.

Anayekaa wiki nzima au zaidi atapata nafuu Roysambu, Zimmerman na Kasarani, kwenye Thika Road. Kuna bedsita tele, supamaketi, na magari mpaka usiku. Epuka jengo lililo juu ya Lumumba Drive yenyewe kama unataka kulala kabla ya usiku wa manane. Angalia pia ratiba ya uwanja wa Kasarani. Mechi za soka za CHAN za Agosti 2025 zilichezwa hapo, na AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Siku za mechi kubwa vyumba hujaa na bei hupanda.

Kwa ndege au treni ya SGR, fikiria South B, Imara Daima au Syokimau. South C ni pazuri na patulivu, ila masika sehemu zake hujaa maji, basi mwezi wa nne piga simu uulize hali ya barabara.

Sasa wa kasino. Zile zinazojulikana ziko Westlands na Museum Hill, na nyingine imo ndani ya hoteli ya Safari Park kwenye Thika Road. Usitafute chumba mlango wa pili. Westlands bei ni ya juu, klabu hazilali, na anayetoka mezani akiona kitanda kiko hatua chache hujiambia bado mapema, akarudi kucheza. Lala Parklands. Ni mwendo mfupi wa teksi, na hospitali na maduka yako hapo hapo. Lipia chumba cha siku zote kabla hujaenda kucheza, na nauli ya kurudi kwenu uinunulie tiketi kabisa au umwachie mtu. Kutoka kasino usiku, agiza teksi kwa programu ukiwa bado ndani, utoke gari likishafika mlangoni. Museum Hill iko karibu na Ngara kwa macho, lakini hiyo njia usiipite kwa miguu usiku, uwe umeshinda au umeshindwa. Nasisitiza kwa sababu kuna watu nimewatumia nauli ya kurudi kwao wakiwa hawana hata ya matatu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya siku nzima

Usilinganishe bei ya chumba kwa chumba. Tuseme shughuli zako ziko Upper Hill na unarudi usiku. Roysambu chumba ni shilingi 1,000, matatu kwenda na kurudi mchana 200, teksi ya usiku 900: jumla 2,100. Ngara chumba ni 1,500, matatu 100, teksi fupi 300: jumla 1,900. Chumba ghali ndicho kilichokuwa rahisi, na umelala saa moja zaidi. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako.

Hatua ya 5: Piga simu, usitume ujumbe pekee

Picha za mtandaoni zinaonyesha mapazia. Simu inakuonyesha nyumba inavyoendeshwa. Mimi huongea hivi:

"Habari ya kazi, dada. Maji ya bomba yanakuja siku zote?"

"Yanakuja, ila Alhamisi na Ijumaa tunatumia tangi."

"Na ya moto?"

"Asubuhi mpaka saa tatu."

"Mgeni wangu anarudi saa tano usiku. Geti linafungwa saa ngapi?"

"Saa nne, lakini askari yupo. Agonge tu."

Huyo dada namwamini, kwa sababu amenitajia siku za shida bila kulazimishwa. Anayejibu kila swali kwa "hakuna tatizo" namtilia shaka. Maji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a na hugawanywa kwa ratiba, kwa hiyo nyumba isiyo na siku ya ukosefu lazima iwe na kisima au tangi kubwa. Uliza ni kipi. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri. Watu wa pwani wasidharau swali la maji moto: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi kali.

Hatua ya 6: Kagua ndipo ulipe

Usitume amana kwa mtu usiyemjua kwa sababu ya picha nzuri. Kama ni lazima, piga simu kwanza, kisha unapolipa kwa M-Pesa soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si la nyumba wala la uliyezungumza naye, acha hapo.

Ukifika, omba ufunguo kabla ya kutoa pesa. Ingia chumbani na ufunge mlango ukiwa ndani. Komeo liingie kwenye tundu lake sawasawa, lisiwe la kusukumwa kwa bega. Fungua shawa uiache itiririke kwa dakika mbili huku mkono uko chini ya maji. Yakipata moto kisha yakapoa, mwambie keateka, yaani mtunza nyumba, aje awashe ukiwepo. Inua shuka pembeni uangalie mishono ya godoro: vidoa vyeusi vidogo vidogo ni dalili ya kunguni, na hapo usibishane, rudisha ufunguo. Chungulia dirishani uone kilicho chini, baa au kanisa la kukesha. Jaribu soketi kwa chaja yako.

Lipa usiku mmoja hata kama utakaa siku tano. Kesho yake kabla ya saa nne, ukiwa umelala vizuri na umefika ulikotakiwa bila kukimbizana na saa, rudi mapokezi ulipie siku zilizobaki kwa mpigo na uombe upunguziwe. Mgeni wa usiku mmoja hana nguvu ya kupatana bei, ila wa usiku nne anayo.