Mambo ya kuzingatia kabla ya kusakinisha mfumo endeshi kwenye laptopu kuukuu kupitia mtandao

Nakala ya mafaili kwanza, tena uifungue uone kama inafunguka. Chaja ichomekwe muda wote, maana betri ya miaka kumi ni pambo tu.

Tafuta kebo ya mtandao. Kuwasha mashine kwa PXE, yaani ichukue mfumo kutoka kwenye seva (kompyuta inayohudumia nyingine) kabla haijagusa diski, kwenye laptopu za zamani hakupiti kwenye Wi-Fi. Kama haina tundu la kebo, adapta ya USB mara nyingi haitambuliwi na BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine. Usipoteze mchana mzima kubishana nayo, chukua flashi umalize.

Jua prosesa ni ya biti 32 au 64. Debian 13, toleo la Linux la mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Jua pia kama mashine inaamka kwa BIOS ya kizamani au UEFI, mrithi wake: ya kwanza huhitaji faili kama pxelinux.0, ya pili huhitaji faili la .efi. Ukiipa lisilo lake, itakaa kimya au itarukia diski, wala haikuambii kwa nini.

Anayegawa anwani za mtandao kwa mashine (kazi iitwayo DHCP) awe mmoja. Ruta na seva yako zikijibu zote mbili bila kupatana, leo itawaka, kesho itagoma. Tenga swichi ya mtandao, kisanduku cha kuunganishia kebo, kwa kazi hiyo peke yake.

Sasa hili lisome mara mbili. Niliwahi kuipanga seva ifanye kila kitu yenyewe: ingoje sekunde 5, ifute diski, isakinishe, bila kuuliza mtu. Laptopu tisa zikaisha vizuri, nikajiona fundi, nikaenda kula na seva nikaiacha inanguruma. Mwenzangu akaingia na laptopu yake, akaona kebo inaning'inia, akaichomeka apate intaneti, akawasha. Betri kubwa ilikuwa haishiki chaji, na ile ndogo ya CR2032 inayotunza saa ilishakufa zamani. Kwa hiyo kila alipochomoa chaja, mipangilio ya BIOS ilirudi ya kiwandani, na ya kiwandani iliweka mtandao mbele ya diski. Nikamkuta ametulia anatazama asilimia zikipanda: 41, 42.

“Hii inasasisha nini?” akaniuliza.

Nilivuta kebo kwa nguvu mpaka swichi ikaanguka. Ya nini tena? Diski ilikuwa imeshagawanywa upya na kuandikwa juu. Picha chache tuliziokoa, kazi zake za miaka miwili hapana.

Tangu siku hiyo, chaguo la kwanza kwenye menyu yangu ni kuwasha kutoka kwenye diski. Anayetaka kusakinisha achague kwa mkono. Seva inajibu mashine ambazo nimeandika anwani zao za MAC tu, yaani namba ya kila kadi ya mtandao. Na sinyanyuki kitini kabla sijaizima. Ile betri ndogo nayo badilisha mapema: ikifa, saa inarudi nyuma miaka kadhaa na usakinishaji unakwama kwa kukataa vyeti vya usalama.

Mengine unayajua: pima afya ya diski, uliza nywila ya BIOS, usianze kazi hii saa tano usiku. Kama mashine si yako, mwenyewe akae hapo, mwonyeshe kwa kidole diski inayofutwa, asubiri mpaka iwake.