Kabla hujapeleka hati benki: uthamini na mkopo wa kujengea nyumba unavyokwenda Tanzania

Wengi wanaokwenda benki kutafuta mkopo wa kujengea wanabeba hesabu ya walichotumia, kiwanja nimenunua kiasi hiki, tofali kiasi hiki, fundi nimempa kiasi hiki, wanategemea benki ijumlishe alafu iwape. Benki inajiuliza kitu kingine kabisa, huyu mtu akishindwa kulipa na hii nyumba ikaenda mnadani tutarudisha shilingi ngapi? Anayejibu hilo swali ni mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali. Ukielewa jinsi mthamini anavyofikiri kabla hujachimba msingi utajua mapema benki itakupa kiasi gani na pengo ni kiasi gani, na hilo pengo ndilo linaloacha maboma, nyumba zilizoishia njiani, yanaota nyasi kule Kibaha, Chanika na Bunju.

Tuanze na karatasi maana bila karatasi hakuna mthamini anayetumwa. Benki inataka hati miliki yenye jina lako, ile inayotolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Barua ya ofa peke yake benki nyingi watakwambia kamalizie hati kwanza. Makubaliano ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa yanakulinda kidogo kwenye ugomvi wa mipaka lakini huwezi kuyawekea rehani. Leseni ya makazi kuna wakopeshaji wanaikubali kwa mkopo mdogo wa muda mfupi, sio wa nyumba nzima. Kwahiyo kama kiwanja chako hakijapimwa, hela ya kwanza ya ujenzi ipeleke kwenye upimaji na hati, najua inauma kwasababu haionekani kwa macho kama tofali zinavyoonekana, lakini kiwanja kilekile kikiwa na hati kinapanda thamani hata kabla hujaweka mchanga.

Ukiwa na hati lipa kodi ya pango la ardhi yote unayodaiwa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone hakuna zuio wala rehani ya mtu mwingine, chukua kibali cha ujenzi halmashauri, ramani iwe ya mtaalamu aliyesajiliwa, na BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na gharama zote za ujenzi, iandikwe na mkadiriaji majenzi. Usimpe fundi aandike BOQ kwenye daftari. BOQ ndio benki itakayoitumia kugawa hela kwa awamu na ikiwa imepunjwa utakwama katikati, ikiwa imejazwa kupita kiasi mthamini ataiona tu maana bei za saruji na nondo anazijua.

Mwenza wako mwambie mapema. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mume au mke kwenye rehani ya nyumba ya familia, na benki wako makini sana na hili kwasababu kesi za aina hiyo zimewasumbua mahakamani. Kuna watu wanafika hatua ya kusaini ndio mke anajua kwamba nyumba inawekwa rehani, mkopo unasimama hapohapo na nyumbani kunabaki maneno. Kaeni chini muongee kabla hujajaza fomu.

Sasa mthamini mwenyewe. Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na zaidi ya hapo awe kwenye orodha ya benki yako. Hii ya orodha watu wanaipuuza, mtu anatafuta mthamini wake analipa hela zake anapeleka ripoti nzuri, afisa mikopo anamwambia huyu hatufanyi naye kazi, inabidi alipe tena. Nenda benki kwanza uombe majina, alafu ndio ulipe.

Siku akija kiwanjani usimwache na mtoto wa jirani amuonyeshe, uwepo mwenyewe. Atatafuta bikoni, yale mawe ya mipaka, namba zake zifanane na ramani ya upimaji, kama zimefukiwa zifukue siku moja kabla. Atapima nyumba kwa futi kamba alinganishe na ramani uliyoidhinishiwa, ukiwa umeongeza chumba bila kibali ataandika. Ataangalia barabara, gari linafika au mtu anashukia mbali atembee? Nguzo ya umeme iko wapi, maji ya bomba au kisima, mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Ukiwa ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, au umegusa hifadhi ya barabara mahali ambapo TANROADS, wakala wa barabara, wanaweza kuja na rangi nyekundu wakachora X, dhamana yako inakuwa na shida kubwa hata nyumba iwe nzuri vipi. Mwandalie nakala ya hati, kibali, ramani, BOQ na risiti za kodi kwenye faili moja. Hii sio kumbembeleza, mthamini akikosa karatasi analazimika kukadiria kwa tahadhari na tahadhari yake siku zote inashuka chini.

Kwenye nyumba ambayo bado inajengwa anafanya hesabu mbili. Kiwanja anakilinganisha na viwanja vilivyouzwa karibuni eneo hilo, na jengo anakokotoa gharama ya kulijenga kwa mita ya mraba kulingana na lilipofikia. Alafu anarudi kujiuliza nyumba kama hii ikiisha mtaa huu inauzika bei gani. Hapa ndipo gharama na thamani zinapoachana. Umejenga kwenye mteremko Goba au Kimara, msingi umekula nondo na kifusi mara mbili ya mwenzako aliyejenga tambarare, lakini mnunuzi anaona nyumba ya vyumba vitatu kama ya jirani na hatakulipa zaidi kwasababu ya kilicho chini ya ardhi. Fensi ya mapambo, geti la gharama, granaiti jikoni, vyote hivyo vinarudi nusunusu au havirudi kabisa kama mtaa ni wa nyumba za kawaida. Kisima kwenye eneo lenye shida ya maji kinarudi, na umeme uliovutwa mpaka ndani unarudi. Kwahiyo kama unategemea mkopo jenga kwanza vile vitu ambavyo mtaa wako unavilipia, mapambo utaweka baadae kwa hela yako taratibu.

Ripoti itakuja na namba zaidi ya moja. Kuna thamani ya soko, yaani muuzaji asiye na haraka na mnunuzi asiye na shida. Kuna thamani ya kuuza kwa haraka, ya mnadani, hii iko chini. Mara nyingi inakuwepo na gharama ya kujenga upya kwa ajili ya bima. Swali la kumuuliza afisa mikopo kabla ya kitu chochote ni hili: asilimia zenu za kukopesha mnapiga kwenye ipi?

Chukua mfano. Kiwanja milioni 20, BOQ milioni 90, umetumia au utatumia jumla milioni 110. Mthamini anaona nyumba za hivyo mtaa huo zinauzika kama milioni 95, anaandika 95. Thamani ya haraka anaweka 70. Benki inayokopesha asilimia 80 ya thamani ya soko itafika milioni 76. Benki inayopiga asilimia 80 hizohizo kwenye thamani ya haraka inaishia milioni 56. Tofauti milioni 20, hela ya paa na madirisha, kwa nyumba ileile na mthamini yuleyule. Kwenye benki ya kwanza ili umalize ile BOQ ya 90 unahitaji milioni 14 zako, kwenye ya pili unahitaji 34. Hiyo hela iwe ipo au ujue kabisa itatoka wapi kabla ya tofali la kwanza.

Na hata hiyo uliyoidhinishiwa haiji yote siku moja. Mkopo wa ujenzi unatolewa kwa awamu, msingi na jamvi, kuta mpaka lenta, kupaua, kisha finishi, na kila benki ina mgawanyo wake. Kabla ya kila awamu mkaguzi anakuja kuangalia, na kwa kawaida anahesabu kazi iliyokaa kwenye jengo tu, nondo zilizolala stoo na mifuko ya saruji haziingii. Maana yake awamu inabidi uifanye kwanza ndio ulipwe, kwahiyo unahitaji mtaji wa kuzungusha, walau wa awamu moja nzima, la sivyo fundi anasimama wewe unasubiri mkaguzi na mkaguzi anasubiri fundi. Vilevile benki inaangalia hela iliyobaki kwenye mkopo inatosha kumaliza? Kama msingi umekula kuliko ilivyopangwa watakwambia weka kwanza yako ndio tuendelee. Kuna dada mmoja namfahamu aliingia kwenye hili akiwa na kuta zimefika lenta, alihesabu amebakiza kidogo kwasababu nyumba inaonekana imesimama, wakati kilichobaki kilikuwa paa, dari la jipsam, waya za umeme, mabomba, plasta, tailizi, milango, aluminiamu za madirisha, rangi na karo la choo. Boma linadanganya macho. Muombe mkadiriaji akuandikie kwenye BOQ kila hatua ni asilimia ngapi ya gharama yote, alafu hakikisha mgawanyo wa benki unafanana nayo, na hili linaongeleka kabla ya kusaini tu, ukishasaini ndio imetoka.

Riba nayo isome kwa makini. Uliza kama inapigwa kwenye salio linalopungua au ni ile riba bapa, inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwaka hata kama umeshalipa sehemu, kwasababu asilimia ileile ni hela tofauti kabisa. Milioni 50 kwa miaka 10 kwa asilimia 16 ya salio linalopungua, rejesho ni kama 838,000 kwa mwezi na mpaka mwisho unakuwa umelipa kama milioni 100.5. Asilimia 16 bapa unalipa milioni 130.

Alafu miaka. Siku hizi unapata miaka 15, 20 na zaidi, TMRC, kampuni iliyoanzishwa 2010 kuzipa benki hela za muda mrefu za mikopo ya nyumba imesaidia sana kwenye hilo. Ila angalia milioni 50 hizohizo kwa asilimia 16 ya salio linalopungua: miaka 15 rejesho ni kama 734,000 na jumla milioni 132, miaka 20 rejesho ni kama 696,000 na jumla milioni 167. Umeongeza miaka mitano kupunguza 38,000 tu kwa mwezi, na imekugharimu milioni 35 hivi. Kama mshahara wako unaruhusu chukua miaka michache, na kwenye mkataba hakikisha unaruhusiwa kulipa mapema, uliza na faini yake ni kiasi gani.

Mshahara kuruhusu maana yake ni kwamba baada ya makato yote, kodi, pensheni, bima, deni la HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), mikopo mingine, isipungue theluthi moja inayobaki mkononi, na mkopo uishe kabla hujastaafu. Mfanyabiashara ataombwa taarifa za benki za miezi kadhaa na makadirio ya TRA, kwahiyo kama mauzo yako yote yanapita kwenye simu na mfukoni anza leo kuyapitisha kwenye akaunti.

Tenga pia hela ya gharama za pembeni, ada ya mthamini, ada ya benki ya kushughulikia mkopo, mwanasheria, ushuru wa stempu na usajili wa rehani, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya jengo. Omba zote ziandikwe kwenye karatasi moja. Kumbuka na hili, wakati wa ujenzi unaweza kuwa unalipa riba ya hela uliyokwishachukua huku bado unalipa kodi ya nyumba unayoishi, kwahiyo omba muda wa kupumua kabla rejesho kamili halijaanza.

Ukiona thamani iliyoandikwa imeshuka sana usigombane na mthamini, mpe ushahidi. Tafuta mauziano halisi ya viwanja au nyumba za karibu, kagua kama amekosea ukubwa au ameruka kisima, andika barua benki ukiomba aangalie upya. Makosa ya vipimo yanarekebishika, ila bei unayoisikia kwa dalali haiwezi kukusaidia, yeye anatumia iliyouzwa kweli.

Aliye Oman, Marekani au popote nje na anajengewa na ndugu, hati ya uwakilishi uitengeneze kwa mwanasheria na ukaguzi wa kila awamu omba nakala yake na picha zitumwe kwako moja kwa moja, upendo wa ndugu upo lakini karatasi ni karatasi.

Ukianza kulipa alafu kazi ikayumba nenda benki kabla hujakosa rejesho la kwanza. Sheria inataka benki ikupe notisi ya siku 60 kabla haijauza dhamana, lakini mazungumzo ya kupanga upya mkopo ni mepesi zaidi kabla hiyo barua haijaandikwa. Na siku ukimaliza deni usiridhike na meseji ya pongezi, dai barua ya kumaliza mkopo, dai hati yako halisi, na hakikisha rehani imefutwa kwenye daftari la Msajili wa Hati, fanya upekuzi mwingine ujionee mwenyewe.