Jinsi ya kushukuru kila siku kwa vitu vidogo bila kukariri

Ukimuuliza mtu leo anashukuru kwa lipi, mara nyingi atakujibu: uhai, afya, familia. Jibu ni la kweli, ila ndilo alilolitoa jana na ndilo atakalolirudia kesho. Baada ya wiki mbili linatoka mdomoni bila kupita moyoni, na hapo wengi huacha wakisema zoezi hili halina faida. Shida iko kwenye namna ya kulifanya. Shukrani inayomgusa mtu hutaja kitu kimoja kilichotokea leo, na humtaja aliyekileta. "Nashukuru kwa maji" ni maneno matupu. "Maji yalitoka saa 11 alfajiri, na dada alishaamka akakinga ndoo nne kabla hayajakatika" ni shukrani.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa taabu yenyewe ni hii: kilichozoeleka hakionekani tena. Umeme ukirudi baada ya siku mbili za giza, mtaa mzima unashangilia. Ikipita saa moja, hakuna anayeitazama taa. Akili imeumbwa kufuatilia kinachobadilika na kinachokosekana, kwa hiyo kinachofanya kazi vizuri kila siku lazima ukitafute kwa makusudi.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Katika mojawapo, kundi moja liliandika mambo yasiyozidi matano ya kushukuru kila wiki kwa wiki 10, kundi jingine likaandika kero, na la tatu likaandika matukio tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na kuitazamia wiki inayofuata kwa matumaini zaidi. Faida ipo, ni ya kiasi, na inategemea sana namna unavyoandika.

Daftari

Nunua daftari la kawaida la shule, la kurasa 96 ukilipata, na kalamu isiyotoka humo. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, lakini ujumbe mmoja ukiingia katikati ya sentensi, umeshapotea. Chagua muda unaoshikamana na jambo unalolifanya kila usiku bila kukumbushwa: kushusha chandarua, kufunga mlango, kuweka simu kwenye chaji. Daftari likae hapo hapo. Likikaa kabatini, siku ya tatu utalisahau.

Tenga dakika 10. Andika tarehe, kisha mambo matatu tu. Kwa kila jambo jibu maswali matatu, sentensi moja kwa kila swali:

1. Nini hasa kilitokea? Taja saa, mahali, ladha, sauti, au maneno aliyosema mtu.
2. Kwa nini kilitokea? Nani alifanya nini, au mambo gani yalikutana?
3. Leo ingekuwaje kama kisingetokea?

Swali la pili ndilo lenye nguvu, na ndilo watu wanaloliruka. Chukua mfano wa konda aliyekusubiri ukikimbia na mtoto mgongoni. Ukiandika "nilipata daladala" umeandika usafiri. Ukiandika "konda aligonga bodi mara mbili dereva akasimama, abiria wa dirishani akampakata mtoto hadi nikakaa" umewaona watu watatu ambao kesho ungewapita bila salamu. Kila jambo likipata mistari mitatu au minne, ukurasa unatosha siku moja. Usijaze zaidi ya hapo. Anayeorodhesha mambo 15 anaanza kuokota chochote ili amalize.

Sasa, kila usiku au mara moja moja? Hapa tafiti zinaonekana kupishana. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwapa watu zoezi la kuandika mambo matatu mema kila usiku kwa wiki moja, pamoja na sababu zake, na waliofaidika kwa muda mrefu zaidi walikuwa wale walioendelea wenyewe baada ya wiki hiyo. Lakini jaribio la wiki sita la Sonja Lyubomirsky na wenzake lilionyesha kuwa walioandika mara moja kwa wiki walipata nafuu, huku walioandika mara tatu kwa wiki wakikosa. Ushauri wetu unachukua pande zote mbili. Wiki ya kwanza andika kila usiku, jicho lizoee kutafuta. Kuanzia wiki ya pili punguza hadi usiku mmoja au miwili, siku maalumu, kwa mfano Alhamisi na Jumapili. Siku nyingine taja jambo moja kwa mdomo ukiwa umelala, basi. Ukiona umeandika jambo lile lile mara tatu kwa maneno yale yale, umezidisha. Pumzika wiki nzima.

Kikombe cha chai

Hili ni zoezi la asubuhi, halihitaji daftari, na kwa maoni yetu ndilo bora kuliko yote kwa mtu anayesema hana cha kushukuru. Lifanye wakati chai bado ni ya moto mno kunywa, dakika tatu au nne. Shika kikombe, usiwashe redio wala usifungue simu, kisha kifuate kinyumenyume.

Anza na majani. Yalichumwa Mufindi, Rungwe, Kericho au Nandi. Mchumaji alichagua majani mawili machanga na kichipukizi chake, akavitupia kapuni mgongoni, akarudia hivyo maelfu ya mara kabla ya jua kukaza. Majani mabichi hayasubiri. Yakikaa yamerundikana yanapata joto na kuharibika, kwa hiyo mtu aliyabeba hadi kituo cha kupimia, na dereva akayafikisha kiwandani siku ile ile. Huko yalinyaushwa kwa saa kadhaa, yakasagwa, yakaachwa yageuke kutoka kijani hadi hudhurungi, kisha yakakaushwa. Sukari huenda ni miwa ya Kilombero au Kagera. Maziwa yalikamuliwa na mtu aliyeamka kabla yako. Mkaa ulipanda baiskeli au lori. Mwishoni kuna aliyewasha jiko asubuhi hii, akaponda tangawizi, akachuja, akakuwekea kikombe hapo.

Usiimalize safari hii kwa wachumaji usiowajua. Imalize kwa huyo wa mwisho, halafu mwambie. "Chai ya leo tangawizi imekolea, asante mke wangu" ni sentensi fupi, na mara nyingi ndiyo iliyokosekana kwa miezi. Kama unaishi peke yako na jiko umewasha mwenyewe, mfikirie aliyekufundisha kupika chai.

Siku nyingine fanya hivyo kwa chumvi, sabuni, ndala, au ufunguo wa mlango. Kitu kimoja kwa siku. Ukibadilisha kitu, zoezi halichoshi.

Fikiria kisingekuwepo, kisha jinyime kidogo

Mara moja kwa wiki, chagua jambo moja jema lililodumu maishani mwako: rafiki, fundi mwaminifu, nyumba uliyopanga kwa mwenye nyumba mstaarabu. Kwa dakika 15 andika lilivyokujia, kisha orodhesha vitu vilivyoweza kulizuia. Je, kama siku ile usingepita njia ile? Kama dalali asingepokea simu? Utafiti wa Minkyung Koo na wenzake wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kufikiria jambo jema lisingetokea kabisa huinua moyo kuliko kulisimulia tu lilivyotokea. Angalia tofauti moja muhimu: fikiria kwamba hamkuwahi kukutana. Usimfikirie amekufa. Hilo la pili huleta hofu na usingizi mbaya.

Njia nyingine ni kujinyima kitu unachokipenda kwa siku chache. Watafiti Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn waliwaomba watu waache chokoleti kwa wiki moja. Waliporudi kuila waliifurahia zaidi ya wale walioendelea kula. Aliyefunga Ramadhani au Kwaresima hahitaji kuelezwa. Anajua ladha ya tende ya kwanza Magharibi. Chagua kitu kidogo kisichohusu afya: soda, sukari kwenye chai, muziki njiani. Siku tatu hadi saba zinatosha. Siku ya kukirudia, kaa chini, kionje polepole. Ukikirudia huku unatembea, umepoteza zoezi lote. Mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa zinazohitaji chakula asiguse milo yake.

Asante inayofika kwa mtu

Daftari peke yake hubaki kuwa siri yako. Angalau mara moja kwa wiki, toa jambo moja kwenye daftari ulipeleke kwa mwenyewe. Asante nzuri ina sehemu tatu: tendo, lilichobadilisha, na dua au heri. Kwa mfano: "Shikamoo mjomba. Ile ada uliyonitumia Januari ndiyo iliyonifikisha kwenye mtihani, na nimefaulu masomo sita. Leo sina ombi lolote, nilitaka tu ujue. Mungu akuzidishie."

Ile sentensi ya "sina ombi lolote" usiiache. Watu wengi wamezoea shukrani inayofuatwa na shida, hivyo wakiona "asante sana kwa yote" wanasubiri "ila sasa…". Kama una ombi, lisubiri wiki mbili, liende peke yake.

Jambo jingine la kuangalia ni mahali. Mtu aliyekusaidia kimya kimya mshukuru kimya kimya. Ukimsifu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kesho yake anapokea maombi manane, na mwakani atafikiri mara mbili kabla ya kukutumia tena. Kwa mzee, piga simu au nenda. Salamu kwanza, hali, ndipo asante. Kwa mama ntilie au mama mboga, sema hapo hapo ukimlipa, utaje kitu: "Mama, maharage ya jana nazi ilikolea, nilifanya kazi hadi jioni bila kuhisi njaa." Mlinzi, mfagiaji na mzoa taka huitwa kwa kazi zao tu, waulize majina wiki hii, uanze asante yako kwa jina.

Ukiona haya, elewa kuwa wengi huikadiria vibaya hali hii. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley mwaka 2018 walionyesha kuwa waandishi wa barua za shukrani walidhani wapokeaji wangeona aibu, kumbe walifurahi kuliko ilivyotarajiwa. Mwandishi huhangaikia ufasaha. Mpokeaji huhisi joto la maneno. Andika hivyo hivyo.

Anayesali anaweza kuliingiza zoezi katika ibada bila kubadili kitu: baada ya swala na tasbihi, au mwishoni mwa sala ya jioni, ongeza kwa maneno yako jambo moja la leo, kwa undani ule ule wa daftari.

Kwa watoto, tumia chakula cha usiku. Ukiwauliza "unashukuru nini?" watajibu wanachodhani unataka kusikia. Uliza "leo nani alikusaidia?" au "leo nini kilikuwa kitamu?" Mkubwa aanze, kila mmoja jambo moja, asiyetaka apite. Akisema "nilipewa penseli na Asha", usimsahihishe wala usimhubirie.

Yanayoliharibu zoezi

Kosa la kwanza ni kujipima kwa aliye chini yako: "afadhali mimi, yule hata kula hajala." Hii hutuliza kwa muda tu, kwa sababu inasimama juu ya shida ya mwenzako, na ukikutana na aliyekuzidi inaporomoka. Ukiliona kwenye daftari, lifute uandike ulichokula wewe na aliyekipika.

La pili ni zito zaidi: kutumia shukrani kufunga midomo. Mfanyakazi hajalipwa miezi mitatu anaambiwa ashukuru ana kazi. Mke anayepigwa anaambiwa ashukuru ana ndoa. Hiyo ni dhuluma iliyovikwa nguo nzuri, na zoezi hili halihusiani nayo. Ndiyo maana tunashauri daftari ligeuzwe: mbele shukrani, nyuma kero. Kila kero iwe na tarehe, kiasi kama ni fedha, na hatua moja utakayochukua. Kurasa hizo mbili hazigombani.

Lipo pia deni linalojifanya shukrani. Jipime hivi: ukilitaja jina la aliyekupa, unatamani kumwona au unatamani kumkwepa? Ukitamani kumkwepa, kilichopo ni deni au masharti. Usilazimishe kuandika asante. Tafuta namna ya kulipa au kuzungumza naye.

Aliyefiwa usimwambie ashukuru. Kama msiba ni wako, acha daftari, au andika tu waliokuja: aliyeosha vyombo, aliyeleta turubai, aliyekaa nawe usiku. Na kama giza limekaa zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, hufurahii chochote, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyo hivyo. Daftari halitibu sonona.

Siku mbaya za kawaida zina njia yake. Usitafute jema kubwa. Tazama chumbani ulimo, utafute vitu vitatu vilivyofanya kazi leo bila kukuangusha: kitasa, kandambili, ndoo isiyovuja. Andika mstari mmoja kwa kila kimoja, ulale. Ukiruka siku kadhaa, usirudi kujaza kurasa za nyuma kwa kukumbuka; hapo ndipo uongo huingia. Andika tarehe ya leo uendelee.