Asumini za vikuba: kutoka pingili hadi sokoni kabla ya magharibi

Ua la asumini halina siku mbili. Unalichuma alasiri likiwa bado tumba, linachanua usiku kwenye kikuba, yaani kishada cha maua na majani ya kunukia, kifuani mwa bibi arusi, na asubuhi limeshakuwa kahawia. Ndiyo maana kazi yote ya kiunga changu hapa Mtwapa, chenye miche 80, naipanga kwa kuanzia saa ya magharibi na kuhesabu kurudi nyuma. Na kwa kuwa ua hili hulala kwenye ngozi, kwenye nywele na juu ya kitanda cha harusi, sipigi dawa ya sumu hata tone moja. Nawaomba nanyi msipige.

Hatua ya 1: Pingili

Asumini hupandwa kwa pingili. Mwombe jirani mwenye mche unaozaa sana, wenye maua ya safu moja ya petali. Yale yaliyojaa kama waridi dogo yanapendeza, lakini hayashoneki vizuri kwenye uzi. Chagua tawi lililokomaa nusu, lisiwe laini mno wala gumu la kijivu. Kata urefu wa sentimita 15 wenye vifundo 3 au 4, mkato wa chini upite karibu kabisa na kifundo. Toa majani, bakisha mawili ya juu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, masika yakianza. Mizizi hushika baada ya wiki 4 hadi 6. Usiivute pingili kuangalia kama imeshika. Ikitoa jani jipya, ujue tayari.

Hatua ya 2: Shimo na udongo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea pia. Udongo wetu wa pwani umelala juu ya mwamba wa matumbawe, umejaa chokaa. Kwenye chokaa nyingi asumini hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga yanageuka manjano, mishipa inabaki kijani. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni njaa ya mbolea, nikamwaga jivu la jikoni kama nilivyoshauriwa. Umanjano ukazidi, kwa sababu jivu linafanya kazi ileile ya chokaa. Jivu ni zuri kwenye udongo mchachu wa bara; kwenye matumbawe liache.

Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande, toa mawe yote, kisha jaza udongo wa juu na karai mbili za samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na majani yaliyooza. Toka mche hadi mche acha futi 4. Ongeza mboji kila mwaka kabla ya masika na kabla ya vuli. Panda palipo na jua la kutosha. Chini ya mnazi inavumilia, chini ya mwembe utapata majani matupu.

Hatua ya 3: Maji na matandazo

Onja maji ya kisima kabla hujamwagilia. Yakiwa na chumvi, tafuta pipa ukinge maji ya paa, uyatunze kwa miezi ya kaskazi. Mimi humwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi yafike chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Juu ya udongo tandaza majani makavu au makumbi ya nazi. Ila makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba usiyalete shambani. Yanakuja na chumvi yake.

Hatua ya 4: Kupogoa kwa kalenda

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo asiyepogoa hapati kitu. Nakata theluthi moja ya urefu, na kwangu maua huanza kuja wiki ya 6 hadi ya 8 wakati wa joto. Kipindi cha kusi, kuna baridi, yanachelewa na ni machache. Gawa miche mafungu matatu, pogoa fungu moja kila baada ya wiki mbili, ili usiwe na maua mengi wiki moja na mikono mitupu inayofuata. Fungu moja lilenge Idi na harusi za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kumbuka Idi inasogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikufai.

Hatua ya 5: Wadudu

Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Tumba lenye tundu litoe, uliteketeze.

Hatua ya 6: Kuchuma

Saa 9 alasiri naingia shambani. Tumba la kuchuma limenenepa, jeupe kabisa, shingo imerefuka. La kijani liache, halitachanua ukishalikata. Chuma kwa kucha pamoja na kikonyo chake kidogo. Weka kwenye kapu la ukili lililotandikwa jani la mgomba, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Mfuko wa plastiki unayapika, na maji yakigusa petali yanaacha madoa. Saa 10 niwe kwenye matatu, maana foleni ya Nyali haina huruma. Wafungaji wa vikuba Mji wa Kale wa Mombasa wanasubiri na rehani, mkadi na waridi zao, na tumba likifumbuka mkononi mwao bei imeanguka.

Maua yaliyokosa mnunuzi situpi. Yakichanua nayaloweka kwenye mafuta ya nazi, kesho yake nayachuja na kutia mapya, hivyo kwa siku 5 au 6, hadi mafuta yashike harufu ya kupaka nywele.