SOMO: Majeruhi wa ajali akifika unaanza wapi (soma yote kabla hujauliza)

Naandika mara moja tu maana hili swali linarudi kila siku.

1. Glavu, usalama wako, ita wenzako.
2. Damu inayoruka bana kwanza. Ya mguuni au mkononi ikigoma kukata funga mkanda juu kidogo ya kidonda, upande wa kuelekea kiwiliwili, sio kwenye goti wala kiwiko, andika saa.
3. Njia ya hewa: msemeshe. Akijibu vizuri iko wazi. Hajibu? sukuma taya mbele, shingo usiikunje.
4. Pumzi: hesabu, angalia kifua kinapanda sawa pande zote.
5. Mzunguko wa damu. Hapa ndo watu wanapotea. Kijana anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake na presha bado inasoma vizuri, mashine inakwambia 118 kwa 76 unamsogeza pembeni, baadae anazima ghafla. Shika mkono wake, wa baridi? Bonyeza ukucha uachie, rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 2 shtuka. Mapigo yanakimbia, anahangaika, shtuka. Halafu itafute damu: kifuani, tumboni, nyonga, mapajani, na iliyomwagika chini. NYONGA USIITIKISE, utaamsha damu iliyokuwa imetulia.
6. Ufahamu: GCS (alama za kupima ufahamu, 3 mpaka 15), mboni, sukari. GCS 8 kushuka chini hawezi kulinda njia yake ya hewa.
7. Vua nguo zote, mgeuze kwa pamoja muone mgongo, mfunike haraka, mwili ukipoa damu haigandi vizuri.

Hali ikibadilika rudi namba 2.

Swali: Mkuu kwa kifupi, presha ikiwa sawa namruhusu?
Jibu: Namba 5. Soma.

Swali: Sasa nyonga nisipoitikisa ntajuaje imevunjika?
Jibu: Ajali ilikuwa kubwa na analalamika hapo, ichukulie imevunjika. Funga shuka usawa wa mifupa inayojitokeza juu ya mapaja pembeni, sio kiunoni, picha baadae.

Swali: Na mzee anayetumia dawa za presha, mapigo si yanaweza yasipande kabisa?
Jibu: Swali zuri sana ndugu. Ndio, zipo zinazozuia moyo kukimbia, kwa hiyo mapigo 80 yasikutulize. Na kama presha yake ya kawaida ni 160, hiyo 110 kwake imeshashuka. Angalia ngozi, ufahamu, mkojo, na uliza kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mwingine: Naongezea, waliomleta waulizeni dawa, mzio, amekula saa ngapi na ilitokeaje, kabla hawajaondoka.
Jibu: Kweli kabisa, na andikeni hapohapo kwenye plasta mbandike pajani.